Magadi ni chumvi au ni besi? Mwalimu anajibu

Barua za mwezi huu zimenifurahisha kwa sababu nyingi zimetoka kwa watu waliojaribu jambo kwa mikono yao kwanza, ndipo wakaniuliza. Nimefundisha kemia miaka 31, na swali la namna hiyo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Magadi yametajwa katika barua nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nimeanza nayo na nimeyapa nafasi kubwa.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Same. Daftarini tumeandika kwamba asidi na besi, ile iliyo kinyume cha asidi, zikikutana hupatikana chumvi na maji, na kwamba chumvi haina uasidi wala ubesi. Nyumbani mama hupikia makande kwa magadi. Mimi na mwenzangu tuliyayeyusha, tukachovya litimasi nyekundu, ile karatasi inayogeuka bluu kwenye besi na nyekundu kwenye asidi, ikawa bluu. Mwalimu wetu alisema karatasi ilikuwa chafu. Magadi ni chumvi au ni besi?

Marahaba, mwanangu. Karatasi yenu ilikuwa safi na macho yenu yaliona sawasawa. Magadi ni chumvi, na maji yake ni ya kibesi. Yote mawili ni kweli. Usimdharau mwalimu wako kwa hilo. Sentensi mliyoandika imo katika madaftari mengi sana, na mimi mwenyewe niliifundisha hivyohivyo mwaka wangu wa kwanza, mpaka mwanafunzi mmoja aliponiletea magadi ya mama yake yamefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Katika kemia, neno chumvi ni jina la ukoo. Linakueleza kitu kimezaliwa na nani, yaani asidi gani na besi gani, lakini halikuelezi tabia yake. Chumvi ya mezani imezaliwa na asidi ya haidrokloriki, ambayo ni kali, na haidroksidi ya sodiamu, ambayo nayo ni kali. Wazazi wametoshana nguvu, mtoto haegemei upande wowote. Ukichovya litimasi nyekundu itabaki nyekundu, ya bluu itabaki bluu. Magadi kwa upande wa besi yametoka kwa haidroksidi ya sodiamu ileile, lakini asidi yake ni ya kaboni, ile inayochemka mapovu ukifungua chupa ya soda. Asidi hiyo ni dhaifu, na asidi dhaifu haipendi kuachia hidrojeni yake. Kwa hiyo kaboneti iliyomo kwenye magadi, ikiingia majini, huyanyang'anya maji ioni ya hidrojeni, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, na maji yaliyonyang'anywa yanabaki na ioni za haidroksidi. Hizo ndizo zilizoigeuza litimasi yenu. Ndizo pia zinazofanya vidole viteleze ukishika magadi yaliyolowa, kwa kuwa zinaanza kugeuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni.

Kwa kipimo cha uasidi na ubesi kiitwacho pH, ambacho Mdenmark Søren Sørensen alikibuni mwaka 1909 akiwa maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, maji safi yako kwenye 7 na maji ya magadi hufika 10 au kupita. Usidhani ni tofauti ndogo. Kila hatua moja ni mara 10, kwa hiyo kutoka 7 hadi 10 ni mara 1,000.

Jaribuni na upande wa pili. Ombeni kwa mkulima punje za mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia. Hiyo nayo ni chumvi, ila asidi iliyoizaa ni kali na besi ni dhaifu. Yeyusheni nyingi kwenye maji machache, mchovye litimasi ya bluu. Itaanza kuelekea wekundu, polepole, si kwa kishindo kama kwenye ndimu. Shambani mambo huenda mbali zaidi: bakteria wa udongo huigeuza amonia ile kuwa naitreti, na kazi hiyo hutoa asidi. Ndiyo maana shamba lililotiwa SA miaka na miaka bila kupumzishwa udongo wake huchachuka, na bwana shamba akija hushauri litiwe chokaa.

Na kwa kuwa hukuuliza lakini najua ungependa kujua: magadi yenu hayatoki kiwandani. Hutoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, hasa Ziwa Natron upande wetu wa Tanzania na Ziwa Magadi kule Kajiado, Kenya. Maziwa hayo hayana mto unaotoka. Chemchemi za moto huingiza maji yenye soda, jua kali huyakausha, na gamba jeupe linabaki. Gamba hilo lina kaboneti ya sodiamu na bikaboneti ya sodiamu zimeshikana pamoja. Ile bikaboneti ikiwa peke yake ndiyo soda ya kuumulia inayouzwa dukani. Kusini mwa Ziwa Natron umesimama Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti. Lava hiyo hutoka nyeusi kama lami, ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe.

Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 3 na 6, naishi Arusha. Maharage hayaivi bila magadi, na mkaa ni ghali. Jirani ananiambia magadi yanaharibu meno ya watoto. Ni kweli au ni maneno ya mtaani?

Mama, ni kweli, na swali lako limenigusa mwenyewe. Nimekulia Maji ya Chai, Arumeru. Meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia hadi leo. Tukiwa wasichana tulizoea kucheka tukiwa tumeziba midomo kwa kiganja, na tulipokwenda shule ya bweni mbali na nyumbani wenzetu walidhani hatupigi mswaki. Tulipiga mswaki kila siku.

Nianze na maharage. Seli za maharage zimeshikanishwa na gundi iitwayo pektini. Maji ya kibesi huivunja gundi hiyo haraka, ndiyo maana ukitia magadi maharage yanapasuka mapema na mkaa unabaki. Magadi pia hufanya kisamvu na mlenda vibaki na rangi ya kijani iliyokolea, kwa sababu rangi ya majani huharibiwa na asidi ndogondogo zinazotoka kwenye mboga yenyewe, na magadi huzimaliza. Mama zetu hawakukosea kuyapenda. Lakini ubesi huohuo huua vitamini B1, ambayo maharage ni chanzo chake kizuri. Na kama sufuria yako ni ya alumini, utaiona inakuwa nyeusi ndani, kwa sababu besi inaushambulia utando unaoilinda.

Hayo yote ni madogo ukilinganisha na meno, na hapa nakuomba tutenganishe mambo. Meno hayaharibiwi na ubesi wa magadi. Yanaharibiwa na madini yaitwayo floridi, yaliyosafiri pamoja nayo. Miamba ya volkano ya huku kwetu, kuzunguka Meru na Kilimanjaro na bondeni, ina floridi nyingi. Maji huiyeyusha na kuibeba, na ziwa likikauka inabaki ndani ya gamba. Kwa hiyo magadi ya ziwani hayana kiasi kimoja. Fungu hili linaweza kuwa na floridi kidogo, fungu la pembeni yake likawa na nyingi sana, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Floridi kidogo hulinda jino. Ikizidi, wakati jino bado linatengenezwa ndani ya fizi, gamba lake la nje linatoka na mabaka meupe, baadaye ya kahawia. Kipindi cha hatari ni kuanzia kuzaliwa hadi karibu miaka 8. Watoto wako wote wawili wako ndani yake. Wewe mwenyewe meno yako yalishatoka, hayatageuka sasa, ingawa floridi nyingi kwa miaka mingi huumiza hata mifupa ya mtu mzima.

Na jambo hili lijue kila mama wa ukanda wetu: kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua, floridi inabaki palepale, kwa hiyo unaizidisha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na visima kadhaa vya huku vinapita hapo bila magadi yoyote kuongezwa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu kabisa na kijijini kwetu, kimefanya kazi miaka mingi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa hiyo huchomwa, husagwa, na maji hupitishwa humo. Kama unapata chujio la namna hiyo, lichukue kabla ya kununua kitu kingine chochote cha jikoni.

Sasa tufanyeje na mkaa? Loweka maharage usiku kucha kwenye maji mengi yenye chumvi kidogo ya mezani. Asubuhi mwaga maji hayo, osha, tia mapya. Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju mpaka maharage yalainike kabisa. Kosa hili naliona hata kwa wapishi wazuri: asidi huikaza ileile pektini unayotaka ivunjike, na maharage yaliyotiwa nyanya mapema yatakula mkaa mpaka yakukatishe tamaa. Yakishachemka dakika 20 kwa nguvu, ipua sufuria, ifunike vizuri, uizungushie mablanketi ndani ya kapu kubwa. Yataendelea kuiva yenyewe. Nunua maharage ya msimu huu, kwa kuwa ya zamani huwa magumu hata uyafanyeje. Ukishindwa kabisa, ncha ya kijiko ya soda ya kuumulia ni afadhali kuliko magadi ya ziwani. Vitamini B1 itapungua vilevile, lakini meno ya watoto utakuwa umeyalinda.

Habari za kazi, Mwalimu. Najifunza ufundi kwenye gereji moja Mwanza. Maji ya betri yakipungua, fundi wangu anasema niongeze asidi ili betri ipate nguvu. Mwenzangu anasema niongeze maji. Nimsikilize nani?

Msikilize mwenzako. Ndani ya betri ya gari mna asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri ikiwa imejaa chaji, zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo ni asidi. Gari linapotembea, kinachopotea ni maji. Mengine huwa mvuke, mengine umeme huyapasua kuwa hidrojeni na oksijeni. Asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi juu ya asidi, betri itaonekana kuchangamka siku chache, kisha sahani zake za risasi zitaliwa. Ongeza maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke, basi. Ya bomba yana chumvi za kalsiamu zitakazogandia kwenye sahani hizo. Na kwa kuwa ile hidrojeni hulipuka, usivute sigara wala kupiga kiberiti karibu na betri inayochajiwa.

Siku ukitumwa kuchanganya asidi yenyewe na maji, maji yatangulie chomboni, asidi ifuate, kidogokidogo huku unakoroga. Usigeuze kamwe. Asidi kali ya salfuriki ni nzito karibu mara mbili ya maji, na ikikutana nayo hutoa joto kubwa. Ukimimina maji juu yake, yanaelea, yanachemka papo hapo na kuirusha asidi usoni kwako. Shule moja niliyofundisha ilikuwa na mtunza maabara mwenye kovu kutoka sikioni hadi kwenye mtulinga. Alikuwa na haraka siku hiyo, mtihani wa vitendo ulikuwa unaanza saa mbili. Kila mwaka aliwaita wanafunzi wapya, akafungua kola ya shati, akawaonyesha. Sikuwahi kupata somo lililokumbukwa kuliko lile.

Ikikumwagikia, vua nguo iliyolowa na ujioshe kwa maji yanayotiririka dakika 20 bila kukatiza, kisha nenda hospitali. Usipake magadi kwenye ngozi eti yazime asidi. Yatazima, lakini joto litakaloletwa na kuzimana huko litakuunguza mara ya pili. Sakafuni ndiko mahali pa magadi. Mwagia mpaka yaache kutoa povu, halafu osha. Na ninakuomba, kijana wangu, usiweke asidi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja. Mtoto wa mama lishe anayepita gerejini kwenu hawezi kuitofautisha asidi na kinywaji.

Mwalimu, mimi nafanya kazi za nyumbani Mombasa. Choo kilikuwa kimekwama uchafu, nikamwaga dawa ya choo, halafu nikaongeza jiki ili kiwe cheupe. Kulitoka harufu kali, nikakohoa hadi machozi. Ilikuwa nini?

Pole sana, dadangu. Ilikuwa gesi ya klorini, na umepona kwa kuwa uliondoka mapema. Jiki ina haipokloraiti ya sodiamu, ambayo hutulia ikiwa ndani ya besi. Hata watengenezaji huiacha na ubesi kwa makusudi. Dawa nyingi za choo ni asidi ya haidrokloriki. Asidi ikiingia kwenye jiki, utulivu ule unavunjika na klorini inatoka. Ni gesi ileile iliyoachiliwa kwa askari kule Ypres, Ubelgiji, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 22 Aprili 1915. Usichanganye jiki na dawa ya choo, siki, ndimu wala kitu chochote chenye amonia. Ukitaka kutumia zote mbili, tumia moja, mwaga maji mengi mara kadhaa, fungua dirisha, ndipo utumie nyingine siku ya pili. Likitokea tena, toka nje kwenye hewa kwanza, choo kitasubiri. Kifua kikiendelea kubana, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwambie na mwenye nyumba, maana chupa hizo mbili mara nyingi huwekwa rafu moja.

Assalaam alaykum, Bi Mwalimu. Mimi ni dobi, Zanzibar. Mteja aliniletea kanzu nyeupe yenye doa dogo la mchuzi, la manjano. Nilipopaka sabuni ya mche doa likawa jekundu kama damu. Mteja kasema nimeiharibu kanzu yake ya Idi na hakunilipa. Nimekosa nini?

Wa alaykum salaam. Hukukosa kitu, na ningependa mteja wako aisome barua hii.

Mchuzi ulikuwa na manjano, ile ambayo bara tunaiita binzari. Rangi yake inatokana na kemikali iitwayo kakumini. Kemikali hii hubadilika sura kufuata mahali ilipo: kwenye asidi, au pasipo na asidi wala besi, ni ya njano, kwenye besi ni nyekundu iliyoelekea kahawia. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na haidroksidi ya sodiamu, na maji yake ni ya kibesi. Kwa hiyo doa halikuongezeka wala kitambaa hakikuungua. Manjano ileile ilivaa rangi nyingine. Mimi na wanafunzi wangu, maabara ilipoishiwa litimasi, tulichovya karatasi nyeupe kwenye spiriti iliyolowekwa manjano, tukazianika, tukapimia sabuni, majivu na chokaa bila tabu. Ndiyo kemia ileile ya magadi ya yule mwanafunzi wa Same.

Kakumini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inapenda mafuta, ndiyo maana inang'ang'ania. Osha kwanza mafuta yenyewe kwa sabuni, hata kama doa litakuwa jekundu tena, usishtuke. Suuza mpaka maji yatoke hayana utelezi. Kisha anika kanzu ikiwa bado na unyevu, doa likitazama jua. Mwanga wa jua huivunja kakumini kuliko sabuni yoyote uliyo nayo. Likibaki kivuli, lowesha tena, anika tena kesho. Jiki usiikimbilie, na ukiwa umeshakamulia ndimu usiikaribishe kabisa, kwa sababu niliyomweleza dada wa Mombasa.

Mteja akija, kabla hujabishana naye kuhusu pesa, chukua kitambaa cheupe kikuukuu, kipake manjano kidogo, kisha sabuni, aone mwenyewe kinavyokuwa chekundu. Halafu kamulia ndimu hapohapo. Itarudi njano mbele ya macho yake.